Hesabu Mbili za Berkeley

Mei 1991, kwenye mkutano mjini Berkeley, California, swali moja lililetewa majibu mawili. Moja lilisema 317,206,375. La pili lilisema 2,682,549,425. Tofauti ilizidi bilioni mbili, na kila upande ulikuwa na watu wasiozoea kubahatisha.

Lililoulizwa ni hili: ndani ya umbo linalotokana na mlinganyo wa kipeo cha tano, umbo lisilochorika kwa kuwa lina vipimo vingi kuliko macho yetu yanavyomudu, imo mistari mingapi iliyopinda ya digrii ya tatu? Mistari iliyonyooka ilijulikana tangu karne ya 19, nayo ni 2,875. Ya digrii ya pili aliihesabu Sheldon Katz mwaka 1986, akapata 609,250. Ya tatu ndiyo iliyozua ubishi.

Jibu kubwa lilikuwa la Wanorwe wawili, Geir Ellingsrud na Stein Arild Strømme, mabingwa wa jometri waliotumia programu ya kompyuta. Jibu dogo lilitoka kwa Philip Candelas na wenzake watatu, wanafizikia wa nadharia ya nyuzi. Hawa hawakuhesabu mstari hata mmoja. Waliliacha umbo lenyewe wakahamia kwa pacha wake wa kiooni, ambako swali hilohilo hulainika, na idadi za digrii zote hutiririka kutoka fomula moja.

Shing-Tung Yau, aliyeitisha mkutano huo na ambaye jina lake limo katika jina la maumbo ya aina hii, amesimulia kisa hiki kwenye kitabu alichokitoa na Steve Nadis mwaka 2010. Wanahisabati, anakumbuka, waliwatilia shaka wanafizikia: fomula ilikuwepo, uthibitisho haukuwepo. Wanafizikia nao wakarudi kupekua kazi yao wakitafuta walipoteleza.

Hawakupaona. Julai, Wanorwe waligundua kwamba kosa lilikuwa kwenye programu yao. Wakairekebisha, ikatoa 317,206,375. Wakawatumia wenzao ujumbe wenye kichwa cha habari kinachotangaza kuwa fizikia imeshinda. Ni uungwana mkubwa: walioshindwa ndio walioipigia mbiu habari ya ushindi.

Uthibitisho ulifuata baadaye, kwa Alexander Givental mwaka 1996, kisha kwa Yau mwenyewe pamoja na Bong Lian na Kefeng Liu mwaka 1997.

Fomula sasa imesimama. Lakini nadharia ya nyuzi, ambayo hakuna maabara iliyowahi kuithibitisha, ilijuaje idadi ya mistari ndani ya umbo la hisabati tupu? Hata nadharia ya kwantamu ya uga, inayotabiri matokeo ya majaribio kwa usahihi wa kushangaza, bado haijapata msingi kamili wa kihisabati. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Clay imeahidi dola milioni 1 kwa atakayeujenga kwa milinganyo ya Yang na Mills. Fedha hizo hazijachukuliwa. Na kwenye umbo lilelile la Berkeley, dhana ya Herbert Clemens kwamba idadi ya mistari ya kila digrii ina ukomo haijathibitishwa kwa digrii zote.