MOTA NA UMEME WA MASHINE ZA KARAKANA: DALILI ZA UBOVU NA NAMNA YA KUZITAMBUA

Wananchi wenye karakana, pamoja na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya karakana za umma, wanaelezwa hapa dalili za ubovu wa mota katika mashine za kutobolea na za kuchongea chuma, ili waweze kuupambanua ubovu mdogo na ule unaomhitaji fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Mfano ni Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Huko mpunga ni miongoni mwa mazao ya wakulima. Shafti ya mashine ya kukoboa ikikatika wakati wa mavuno, mpunga hulala ghalani mpaka chuma kitobolewe na kuchongwa. Na mashine ya fundi nayo ikiwa imezima, hapana budi chuma kisafirishwe. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, na habari ya umeme kukatika na kupungua nguvu si jambo ambalo wakazi wake wanahitaji kusimuliwa. Aghalabu mota hulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Dalili ya kwanza, na iliyo kubwa, ni mota ya fezi tatu kunguruma bila kuzunguka. Maana yake mara nyingi ni kwamba fezi moja haifiki: fyuzi imekatika, ncha za kontakta zimeungua, au waya umelegea. Swichi izimwe mara moja, kwani mota iliyosimama huku ikivuta umeme huungua kwa muda mfupi sana. Ikiwa fezi imepotea wakati mashine inazunguka, hali ni ya hila zaidi. Mota huendelea kwenda, sauti ikibadilika na nguvu ikipungua, na ikiwa imebeba mzigo wake kamili, nyuzi mbili zilizobaki hulazimika kuchukua karibu mara 1.7 ya mkondo wa kawaida.

Hapa ndipo testa ya kuwaka taa inapowapoteza wengi. Mashine ikiwa imewashwa, umeme wa fezi nzima hupita ndani ya koili za mota na kurudi kwenye waya uliokufa, testa ikawaka kana kwamba yote ni salama. Kipimo cha haki ni mita, nayo ipime kabla ya kontakta: baina ya fezi na fezi pawe na takriban volti 400, na baina ya kila fezi na nyutro takriban 230. Kazi hiyo hufanywa na anayeijua, kwa sababu sehemu hiyo ina umeme hata mashine ikiwa imezimwa.

Rilei ya kinga ikikatika mara kwa mara, baadhi ya mafundi huipandisha kipimo ili kazi iendelee. Kufanya hivyo ni kumfunga mdomo mlinzi. Kipimo chake hufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na sababu itafutwe kwingineko: kekee butu, mkanda uliokazwa kupita kiasi, beringi kavu, feni iliyozibwa na vumbi, au volti ndogo, ambayo huifanya mota ivute mkondo mwingi zaidi kwa kazi ile ile.

Baada ya matengenezo ya njia ya umeme, mashine huweza kuzunguka kinyume. Si ubovu wa mota. Umeme ukishakatwa, nyaya mbili kati ya tatu hubadilishwa nafasi. Lakini mashine ijaribiwe kwanza bila chuma mezani, maana kisu cha kuchongea kikizungushwa kinyume huvunjika.

Kwa mashine ndogo za fezi moja, mota inayonguruma mpaka isukumwe ndipo izunguke huwa kapasita yake imekufa. Isisukumwe kwa mkono. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, nayo iondolewe umeme huo kabla ya kuguswa.

Lililo la hatari kuliko yote ni swichi ya kawaida isiyojiachia umeme unapokatika. Fundi huinama kufunga kekee, umeme hurejea, na mashine hujiwasha yenyewe. Kontakta yenye vitufe viwili huzuia hilo, kwani haishiki tena mpaka kitufe kibonyezwe. Karakana isiyo nayo ichomoe plagi au izime swichi kubwa kila umeme unapokatika.

Mota isipelekwe kusukwa upya kabla koili zake hazijapimwa kwa mega ya volti 500 dhidi ya bodi. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, huenda ni unyevu tu wa masika, na kukaushwa kwa joto la wastani kukatosha. Basi ipimwe tena.