Mkaa Unaonasa Sumu

Akina mama wenzetu wa machimbo ya Sekenke na Londoni, mkoani Singida, zebaki si ngeni kwao. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, na maji ya kuoshea hubaki na sumu. Tusidanganyane: kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi zebaki. Nayo yaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye bado tumboni.

Upo mkaa unaoweza kuinasa. Vifuu vya nazi huchomwa pasipo hewa, kisha hupitishiwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 au zaidi. Hapo mkaa hupata vitundu vidogo mno. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, zingefunika meta za mraba 500 na zaidi! Wanaochenjua dhahabu kwa sianidi huutumia kunasia dhahabu, wakiuita kaboni. Kwa nini basi, twauliza, usisafishe na maji machafu kabla hayajamwagwa?

Mkaa wetu wa jikoni sio huo; usichujie maji ya mgodini ukayanywa. Na kaboni iliyokwisha kunasa zebaki isiletwe nyumbani kuwashia jiko. Ikipata moto, zebaki hutoka kama mvuke, na anayeuvuta kwanza ni mpishi.