« Makaa » si jina la mtoto: vitabu vinavyofundisha watoto kupenda rangi ya ngozi yao

Mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, amesimulia hadharani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kuhusu uchungu huo: Sulwe, chenye michoro ya Vashti Harrison. Jina hilo la Kijaluo maana yake ni nyota.

Sulwe ndiye mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Shuleni dada yake anapewa majina ya sifa, yeye anapewa ya kumuumiza. Anajisugua kwa ufutio, anajipaka vipodozi vya mama yake, anakula vyakula vyeupe. Wapi! Hadi usiku mmoja nyota inapomsimulia kisa cha ndugu wawili, Usiku na Mchana. Watu walimsifu Mchana peke yake. Usiku akaondoka, ndipo wakatambua kwamba hawawezi kuishi bila yeye.

Kisa hicho hakiko mbali na kwetu. Mtoto mweusi anaitwa « Makaa », mwenye ualbino anaitwa vibaya zaidi, na wakubwa wanacheka. Mtoto hasahau. Akikua, ni rahisi kwake kukimbilia mafuta ya kujichubua. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo Shirika la Afya Duniani, OMS, linaonya kwamba inaharibu figo.

Kitabu kingine, The Colors of Us cha Mmarekani Karen Katz (1999), kinamhusu Lena, mwenye miaka 7, anayetaka kujichora. Anadhani kahawia ni rangi moja tu. Mama yake, msanii, anamtembeza mtaani, na Lena anaona majirani wenye rangi ya chokoleti, ya karanga, naye mwenyewe ya mdalasini.

Sayansi inasema vilevile. Sisi sote tuna chembe zinazotengeneza melanini, na idadi yake inakaribiana. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini hiyo. Kwa mwenye ualbino, chembe hizo zipo lakini zinatoa kidogo sana au hazitoi kabisa. Anachohitaji ni kofia na kivuli, si jina la dhihaka.

Sulwe kimetolewa pia kwa Kiswahili nchini Kenya. Asiyekipata anaweza kukisimulia jioni, kama hadithi za bibi. Na mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi waweke mikono pamoja, kila mmoja ataje rangi ya mwenzake kwa kitu kizuri: asali, kahawa, karanga, udongo wa mvua.