Muuguzi Anapopelekwa Wodi Asiyoizoea

Huenda umewahi kumuuguza mtu wako hospitalini, ukamwona muuguzi mgeni akiingia wodini na kuuliza kabati la dawa liko wapi. Usimdharau. Huenda jana alikuwa wodi ya wazazi, na leo ameazimwa kuziba pengo la mwenzake.

Wengi hudhani kwamba anayejua kuchoma sindano aweza kufanya kazi popote. Sivyo. Mtoto mchanga mwenye afya huvuta pumzi mara 40 hadi 60 kwa dakika. Mtu mzima anayepumua hivyo yumo hatarini. Jicho lililozoea watu wazima halina budi kujifunza upya mbele ya kitanda cha mtoto. Dawa za mtoto nazo nyingi hupimwa kwa uzito wake, na nukta moja ikikosewa, kipimo chaweza kuzidi mara 10.

Hatari hiyo ilidhihirika nchini Uingereza mwaka 2020, Uviko-19 ulipofurisha hospitali. Katika vyumba vya mahututi, desturi ilikuwa muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa anayepumua kwa mashine. Wauguzi wa wodi nyingine waliitwa kusaidia, na mwongozo wa dharura ukaruhusu muuguzi mmoja aliyebobea asimamie hata wagonjwa 6, akiwa na wasaidizi hao. Ilibidi kazi igawanywe: mjuzi aangalie mashine na dawa kali, wageni wawageuze wagonjwa, wawasafishe, wawafariji. Hata hivyo mzigo ulikuwa mzito, na wauguzi wengi waliumia rohoni.

Fundisho lake lafaa kila hospitali. Muuguzi mgeni apewe mwenyeji wa kumwongoza, aonyeshwe vifaa vya dharura kabla ya jambo lolote, na akabidhiwe kazi anazozimudu. Zaidi ya yote, awe huru kutamka, "Hili silijui," bila kukemewa. Kusema hivyo si uzembe. Uzembe ni kukisia juu ya uhai wa mtu.

Nawe msomaji unao wajibu. Mtajie muuguzi dawa anazotumia mgonjwa wako na zile zinazomdhuru. Ukiona hali imebadilika, sema mapema, tena kwa heshima. Naye akikuuliza jambo mara mbili, usikasirike. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kando ya kitanda cha mgonjwa, swali moja laweza kuokoa maisha.