Mbwa chotara: kwa nini vinasaba vyake vipimwe?

Mbwa aliyeokotwa mitaani katika miji ya Saudi Arabia, tuseme katika mtaa wa Al-Suwaidi mjini Riyadh, hana hati ya ukoo. Huenda mama yake ana damu ya saluki, mbwa wa kuwinda wa Mabedui, na baba yake ni mbwa wa Ulaya aliyeachwa na mwenyewe alipohama.

Kufuga mbwa nchini humo hakukuwa jambo jepesi. Polisi wa dini walipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka mjini Jeddah mwaka 2006, na mjini Riyadh mwaka 2008. Mwaka 2016 polisi hao waliondolewa mamlaka ya kukamata watu.

Kwa anayefuga chotara wa aina hiyo, kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kinaweza kuwa na manufaa. Mwenye mbwa husugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mnyama, kisha hukituma maabara. Huko vinasaba hulinganishwa na vya aina za mbwa zinazojulikana. Ramani ya vinasaba vya mbwa ilichapishwa mwaka 2005, ikitokana na jike wa aina ya boxer aitwaye Tasha.

Dawa iponyayo na iuayo

Faida kubwa si kujua ukoo, bali usalama wa mnyama. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza kasoro katika jeni iitwayo MDR1. Kwa kawaida jeni hiyo huulinda ubongo kwa kuzuia baadhi ya dawa zisijikusanye humo. Ikiwa na kasoro, mbwa aliyepewa dawa hizo huyumba, hutokwa na mate, huweza kupofuka, kupoteza fahamu na hata kufa.

Miongoni mwa dawa hizo ni ivermektini, inayofahamika sana Afrika kwa kutibu usubi na minyoo ya mifugo. Kiasi kidogo cha kuzuia minyoo ya moyo hakina madhara kwa mbwa hao. Hatari iko katika kiasi kikubwa cha kutibu upele, au mbwa anapodungwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Loperamidi, dawa ya binadamu ya kuzuia kuhara, nayo ni ya kuepukwa.

Takriban mbwa 7 kati ya 10 wa aina ya Collie wana kasoro hiyo. Hupatikana pia kwa baadhi ya German Shepherd, wanaotumiwa sana kwa ulinzi. Chotara aweza kuirithi bila umbo wala manyoya yake kuonyesha dalili yoyote.

Mipaka ya kipimo

Hata hivyo, majibu ya ukoo yapokewe kwa tahadhari. Utafiti ulioongozwa na Adam Boyko, uliochapishwa mwaka 2009, ulichunguza mbwa wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia. Wengi walionekana kuwa na asili ya Afrika yenyewe, ilhali wale wa Namibia ya kati walitokana zaidi na mbwa wa kigeni. Kwa hiyo mbwa koko si lazima awe mchanganyiko wa aina za Ulaya, na maabara isiyo na kumbukumbu za mbwa wa Afrika au Uarabuni yaweza kumpa ukoo usio wake.

Anayelipia kipimo basi ahakikishe kinahusisha jeni ya MDR1, na majibu yamfikie daktari wa mifugo kabla ya dawa.