Pikipiki Yako Ikitetemeka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea



Karatasi hii ni kwa ajili yako unayebeba abiria au mizigo kwa pikipiki kutoka Kisenyi, na hasa wewe ambaye pikipiki si yako, unayempelekea mwenyewe hesabu yake kila jioni. Pikipiki ikianza kutetemeka, hasara mbili ziko mbele yako. Ya kwanza ni fedha: utaambiwa ununue pistoni, kesho beringi, keshokutwa tairi, na mtikisiko bado upo. Ya pili ni kubwa zaidi, yaani gurudumu au usukani kukushinda barabarani ukiwa na mtu nyuma.

Kwanza ufahamu kwamba pikipiki ndogo kama Bajaj Boxer au TVS Star ina pistoni moja tu. Pistoni hiyo inapanda na kushuka mara maelfu kwa dakika, na hakuna pistoni ya pili ya kuituliza. Kwa hiyo mtikisiko kidogo kwenye mikono na miguu ni tabia yake tangu kiwandani. Unaopaswa kukushughulisha ni ule ambao juzi haukuwapo: vioo vinacheza hadi huoni nyuma, vidole vinakufa ganzi, au abiria mwenyewe anauliza kuna nini.

Kabla ya kwenda kwa fundi, fanya jaribio hili. Halikugharimu kitu. Toka Kisenyi mapema asubuhi, kabla barabara hazijajaa, utafute mahali palipo sawa na pasipo na magari. Usibebe mtu. Endesha hadi mwendo ule ambao pikipiki hutetemeka, kisha bana klachi na uachie mafuta, pikipiki iendelee kwenda yenyewe. Ikiendelea kutetemeka ilhali injini imetulia, ubaya uko kwenye magurudumu au usukani. Mtikisiko ukikatika papo hapo, tazama injini au cheni. Ili kuzitenganisha hizo mbili, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka nyutro, uongeze mafuta mpaka injini itoe sauti ile ile ya barabarani. Ikitetemeka vile vile, ni injini au bolti zake. Ikitulia, chunguza cheni.

Tuseme ni magurudumu. Kwa barabara zetu za mashimo, hapa ndipo ubaya hupatikana mara nyingi. Anza na upepo wa tairi, kwa sababu ni rahisi kuliko vyote na ndio unaosahauliwa. Kisha inua gurudumu, funga kipande cha waya kwenye fremu kikaribie ukingo wa rimu, halafu zungusha polepole. Rimu ikisogea na kuuacha waya kwa zaidi ya milimita 2, imepinda au spoku zimelegea. Gonga kila spoku kwa spana ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti ya kitu kilichokufa. Usikaze spoku moja kwa nguvu ukadhani umemaliza, maana utaivuta rimu upande mmoja. Kaza robo mzunguko, zungusha, tazama tena. Ukiwa na shaka, mwachie fundi wa magurudumu.

Tazama pia ule mstari mwembamba ulio kwenye ubavu wa tairi, karibu na rimu. Unapaswa kuwa na umbali sawa na rimu pande zote. Ukizama mahali pamoja, tairi halikukaa vizuri lilipozibwa pancha. Hapo huhitaji tairi jipya. Litolewe upepo, likalishwe upya na kujazwa tena.

Beringi hupimwa kwa mikono. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume huku na huku. Likicheza, beringi zimekwisha au nati ya ekseli imelegea. Kama ni nati, kaza sasa hivi, usisubiri jioni. Kwa usukani, inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini na uivute mbele na nyuma. Ukisikia mgongo, au usukani ukinasa katikati unapougeuza, beringi za shingo zimechoka. Pikipiki ya namna hiyo isibebe abiria hata safari moja. Na kama mtikisiko huja tu unapofunga breki, waulize mafundi kuhusu ngoma ya breki kuwa na umbo la yai.

Cheni haikazwi kupita kiasi. Iache icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, na uipime mahali kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwani cheni kuukuu hukaza hapa na kulegea pale. Ikifanya hivyo ibadilishwe pamoja na gia zake zote mbili. Cheni mpya juu ya gia zilizolika haidumu. Fundi akiwa ametoa gurudumu la nyuma, mwombe akuonyeshe ile mipira iliyo ndani ya habu. Ikisagika, pikipiki hushtuka kila unapoongeza mafuta.

Kwa upande wa injini, kaza kwanza bolti zinazoishika kwenye fremu, kisha za silensa na za keria. Ukibeba magunia ya unga kutoka kwenye mashine za kusaga, tazama kila wiki mahali keria inaposhikana na fremu. Ufa mdogo hujificha chini ya rangi. Mafundi wa kuchomelea wapo wengi Kisenyi na Katwe. Lakini kabla hawajawasha moto, tangi la petroli litolewe na lipelekwe mbali, na waya za betri zifunguliwe. Usikubali kuharakishwa katika jambo hili.

Ikiwa bolti zote zimekaza, safisha plagi na kabureta. Injini inayokosa moto hutetemeka kama iliyovunjika, kumbe ni uchafu tu. Yakishindikana hayo yote, ndipo injini ifunguliwe. Mwite mwenye pikipiki awepo, na spea zilizotolewa zikabidhiwe kwake.

Baada ya kazi ya siku moja, pitisha spana tena kwenye kila nati iliyoguswa.