Kadudu ka milimita 5 kalivyowatoa jasho Wajerumani

Wiki hii tuziweke kando kidogo stori za mapenzi na muziki, nikupeleke majuu kwa Wajerumani. Ila hatuendi Berlin wala Hamburg. Tunaingia porini.

Binamu yangu mmoja anayebeba maboksi huko alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni ya milima ya Harz. Miti elfu kwa elfu imesimama mikavu, rangi ya majivu, haina jani hata moja. Nikadhani moto umepita. Ya pili ni kipande cha gome la mti, kwa ndani kimechorwa mistari utadhani mtu kaandika. Mama alipoiona akashtuka: "Mwanangu, hiyo talasimu, ifute haraka!"

Kumbe siyo moto wala talasimu. Ni mdudu, bwana! Wataalamu wanamwita Ips typographus. Wajerumani wenyewe wanamwita Buchdrucker, yaani mchapa vitabu, kwa sababu ya hayo maandishi yake. Ana urefu wa milimita 4 hadi 5 hivi. Ukimweka juu ya ukucha wa kidole gumba, nafasi inabaki.

Mti anaoupenda ni sprusi. Unaijua ile miti ya plastiki ya Krismasi inayojaa madukani Kariakoo kila Desemba? Basi sprusi ni mmoja wa miti inayoigwa pale. Ule wa kweli unaweza kufika mita 50 kwenda juu.

Sasa kasheshe lenyewe liko hivi. Dume ndiye anayetangulia. Anatoboa gome, anachimba kichumba, halafu anatoa harufu ya kuwaita wenzake. Majike wawili watatu wanakuja hapo hapo (jamaa ana wake wengi, usicheze). Kila jike anachimba njia yake na kutaga mayai pembeni. Mabuu wakianguliwa, kila mmoja anajichimbia kanjia kake huku anakula. Wanachokula ni ile nyama laini ya chini ya gome inayopitisha chakula cha mti. Ikikatwa kuzunguka shina, mti umekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo ya mti ni gome.

Utauliza, mti unakubali tu? Hapana. Mti wenye afya unamwaga utomvu unaonata, mdudu anazama humo na kufa. Wakija wachache, mti unashinda. Lakini ile harufu inawaita maelfu kwa wakati mmoja, na mti uliokosa maji hauna utomvu wa kutosha. Sprusi mizizi yake haiendi chini sana, hivyo ukame ukija ndiye wa kwanza kulia.

Na ukame ulikuja kweli. Mwaka 2018, 2019 hadi 2020 mvua iligoma na joto likapanda. Joto nalo ni neema kwa mdudu, maana mwaka mmoja anaweza kuzaa vizazi viwili, hata vitatu. Kati ya mwanzo wa 2018 na Aprili 2021, Ujerumani ilipoteza miti kwenye eneo la karibu hekta 500,000, na sehemu kubwa ilikuwa sprusi.

Lakini kosa si la mdudu peke yake. Kwa asili sprusi ni mti wa milimani na wa nchi za baridi. Watu ndio walioushusha mabondeni. Harz walikuwa na migodi iliyokula magogo kupita kiasi, na baada ya vita ya 1945 misitu mingi ilikatwa. Wakapanda sprusi tupu, mistari kwa mistari, kwa sababu unakua haraka, umenyooka na mbao yake ina soko. Mdudu akaandaliwa meza.

Ajabu ni kwamba kufa kwa miti siyo mwisho wa msitu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, iliyoanzishwa 1970, dhoruba ya 1983 iliangusha miti mingi na wakubwa wakaamua isiguswe. Miaka ya 1990 mdudu akafyeka maelfu ya hekta, na wanavijiji wakaja juu kwa hasira. Leo pale pamejaa miche iliyoota yenyewe, sprusi ikichanganyika na miti mingine. Hata kigogota anafaidi mabuu ndani ya magogo makavu.

Kwa nini nimekuchosha na haya yote? Baba yangu mdogo kule Mufindi aliuza ng'ombe akapanda ekari 5 za misindano, mti uliotoka Mexico. Ada ya wadogo zangu inategemea hapo. Mchapa vitabu si wa kwetu, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini shamba la mti mmoja ni lile lile.

Nikampigia. "Shikamoo baba mdogo. Kwa nini usichanganye na miti mingine?"

"Marahaba. Hiyo mingine nani atainunua?"

Nikanyamaza. Nahisi Mjerumani wa zamani naye alijibu hivyo hivyo.

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa.